Jibu: Binti yangu anataka kutunza nguo za makumbusho, lazima asome kemia?

Shikamoo mama. Umeuliza kama binti yako, anayependa kushona, anaweza kutunza nguo za kale makumbusho bila kemia. Kemia asiiache kabisa. Sindano ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kujua uzi umetokana na nini na kwa nini hariri ya zamani huchanika yenyewe.

Chukua khanga kuukuu yenye nyekundu. Kabla ya kuloweshwa, kila rangi hujaribiwa pembeni: tone moja la maji, kisha karatasi nyeupe ya kufyonza inakandamizwa juu yake. Karatasi ikishika wekundu, hakuna kufua. Itabidi vumbi livutwe kwa mashine yenye mvuto mdogo, khanga ikiwa imefunikwa wavu laini, polepole, hata siku nzima. Kwenye maonyesho mwanga usizidi laksi 50 (laksi ni kipimo cha mwanga), maana rangi ikishapauka hairudi.

Kwa shahada ya kwanza, kemia au akiolojia inafaa, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam zote zipo. Fani yenyewe ataifuata nje: Chuo Kikuu cha Glasgow, Uskoti, kina shahada ya uzamili ya miaka 2. Ada ni kubwa, aanze kutafuta ufadhili mapema.

Kwa kuwa mko Moshi, Arusha si mbali. Aandike barua ya kujitolea Makumbusho ya Azimio la Arusha au Makumbusho ya Elimu Viumbe pale Boma, na aombe hasa kufanya kazi stoo. Ukumbini atajifunza kueleza wageni tu.