Unataka kazi ya dharura hapa Goma? Anza na hesabu ya maji

Vijana wanaomaliza chuo, na wale wanaojitolea katika Msalaba Mwekundu, huniuliza swali moja: "Yaya, nianze na mafunzo gani ili nifanye kazi ya dharura?" Wengi hutazamia niwatajie kozi ya kamba, machela na kofia ngumu. Mimi huwatuma kwanza wakajifunze hesabu ya maji.

Sababu iko katika historia ya mji huu. Julai 1994, wakimbizi kati ya laki tano na laki nane walivuka mpaka kutoka Rwanda, wakajaa Goma na vijiji vya jirani kwa muda wa siku chache. Katika mwezi wa kwanza karibu watu 50,000 walikufa, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu. Ndege za misaada zilikuwa zikitua na waganga walikuwapo. Maji safi hayakutosha, vyoo havikuwapo, na mashirika yalifanya kila moja lake. Hata kuchimba choo kulishindikana mahali pengi, maana chini ya miguu yetu ni jiwe la volkano. Baada ya maafa yale mashirika yalijichunguza, na mwaka 1997 yakaanza kazi ya kuandika viwango vya misaada ya dharura vinavyoitwa Sphere, ambavyo leo hufundishwa kila pembe ya dunia. Mwanafunzi wa Goma anapovisoma anasoma yaliyowapata watu kwenye barabara anayopita kila siku. Kitabu chake kinapatikana bure kwenye intaneti, na kipo kwa Kifaransa.

Usikisome kama kitabu cha dini, kukariri na kufunga. Chukua kalamu. Kiwango cha chini ni lita 15 za maji kwa mtu mmoja kwa siku. Watu 6,000 wakilala leo kwenye uwanja wa shule, watahitaji lita 90,000 kila siku, yaani bidoni 4,500 za lita 20. Robine (bomba la kuchotea) moja ihudumie watu wasiozidi 250, kwa hiyo hapo unahitaji robine 24. Choo kimoja kwa watu 20 ni vyoo 300, na siku za mwanzo kabisa, mambo yakiwa magumu, huruhusiwa kimoja kwa watu 50, yaani 120. Sasa jiulize vyoo 120 utavijenga wapi pale ambapo jembe haliingii. Itabidi uviinue juu ya ardhi, utafute mbao, na uwe na mpango wa kuvitoa uchafu vikijaa. Kozi iliyoandikwa mbali itakuambia uchimbe. Ni wewe mtoto wa hapa utakayesema mapema, kabla lori la sululu halijafika, kwamba mpango huo hauwezekani.

Fanya pia jaribio hili kwenye robine ya kartye (mtaa) yako. Hesabu ya robine moja kwa watu 250 inategemea robine inayotoa lita saba na nusu kwa dakika, na hapo bidoni ya lita 20 hujaa kwa dakika mbili na sekunde 40. Pima ya kwenu. Ikichukua dakika nane, robine hiyo ni theluthi moja tu ya robine, hata kama kwenye ripoti itaandikwa kuwa ni moja. Mama anayeisimamia anajua tayari foleni hukatika saa ngapi na maji hukauka siku zipi. Mwamkie kwa heshima, kaa naye, andika anayokuambia. Hayo pia ni masomo, na sijaona semina inayoyatoa.

Baada ya maji, jifunze uongozi wa tukio. Mfumo unaotumika sana ulianza baada ya mioto mikubwa ya misitu ya California mwaka 1970. Vikosi vilikuwa vingi ila havikuelewana, kila kimoja na redio zake, maneno yake na mkubwa wake. Kutoka hapo zikazaliwa kanuni nyepesi: kila mtu ana mkubwa mmoja tu, mkubwa mmoja anaongoza watu kati ya watatu na saba, na wote wanatumia maneno ya kawaida. FEMA, shirika la serikali ya Marekani la kushughulikia maafa, lina kozi ya mwanzo, IS-100, ambayo ni bure mtandaoni. Kiingereza chake kisikutishe, someni watatu au wanne pamoja. Kwa Kifaransa, tafuta kozi za bure kwenye jukwaa la mafunzo la shirikisho la kimataifa la Msalaba Mwekundu.

Huduma ya kwanza sihitaji kuisifu, ni lazima, na uirudie mara kwa mara kwa sababu mikono husahau.

Kuhusu semina za hotelini kando ya ziwa, nitasema wazi. Perdiemu ni halali, watu wana familia. Lakini nimeketi katika semina ambamo hakuna aliyegusa bidoni, hakuna aliyeshika motorola (redio ya mkononi), na jioni wote tulipewa breve, yaani cheti. Breve hiyo inasaidia kwenye barua ya kuomba kazi. Siku mtu wa kwanza atakapoanguka mbele yako haitasaidia kitu. Kabla ya kutoa hata faranga moja kulipia mafunzo, uliza kama kuna zoezi la kuigiza tukio, na kama baada yake kuna kikao cha kusema ukweli juu ya kilichoharibika. Kama havipo, tunza pesa yako.

Zoezi lenyewe halihitaji mfadhili. Sisi huchora avenyu kwa chaki kwenye sakafu ya darasa, tunagawana kazi (shefu wa avenyu, muuguzi, motari wa pikipiki, mtu wa kuandikisha majina), kisha mmoja anasoma habari zinazoingia moja moja: lava imekata barabara ya Rutshuru, mama hamwoni mtoto wake, mtandao wa simu umezimika. Hapo kwenye mtandao kuzimika ndipo utajua nani ana mpango. Vijana wenye maneno mengi hunyamaza, na mara nyingi anayejua la kufanya ni muuza mkaa, kwa sababu yeye anajua kila nyumba na kila njia ya mkato.

Yafanyie zoezi maafa ya hapa. Mazuku, kwa mfano: hewa ya kaboni dioksidi ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hutulia mabondeni, hasa usiku na alfajiri pasipo upepo, na ndiyo maana mtoto na mbuzi huanguka kabla ya mtu mzima. Huko upande wa Bulengo wenyeji wanajua mashimo yenyewe. Kanuni ya kumfundisha kila kijana ni kutoshuka kumfuata aliyeanguka, kwa sababu wa pili hulala juu ya wa kwanza. Hili ni gumu, tena ni ndugu yako aliyelala pale. Linahitaji kufanyiwa mazoezi hadi mwili ulikubali. Vivyo hivyo mafuta: Januari 2002, siku chache baada ya lava ya volkano ya Nyiragongo kupita katikati ya mji, watu wengi walikufa kituo cha mafuta kilipolipuka wakiwa wanachota. Na ziwa: Oktoba 3, 2024 mashua iliyotoka Minova ikiwa imejaa kupita kiasi ilizama karibu na bandari ya Kituku, watu wa nchi kavu wakiitazama. Nani katika kikundi chako anajua kuogelea?

Jambo la mwisho husahauliwa hata na wakufunzi wazuri. Volkano ilitoka jioni ya Mei 22, 2021, lakini amri ya kuhama kartye kumi ilitolewa usiku wa kuamkia Mei 27. Watu mamia ya maelfu walishika njia ya Sake, ya Rwanda na ya ziwani, na watoto wengi walipotezana na wazazi. Wahudumu nao walikuwa wazazi. Mtu asiyejua mtoto wake yuko wapi hawezi kuhesabu bidoni za wengine. Kwa hiyo, mpango wa nyumba yako mwenyewe uwe sehemu ya mafunzo yako: kila mtoto ajue jina kamili la mzazi na namba ya simu kwa kichwa, mdogo kabisa aandikiwe ndani ya nguo, mkubaliane mahali pawili pa kukutana, upande wa Sake na upande wa mpaka, na jirani mmoja ajue kuwa wewe utabaki kazini. Kisha, kwa kila kazi ya kikundi, andika majina mawili, la mhusika na la atakayeshika nafasi yake asipoonekana, na huyo wa pili mfanye zoezi naye kama wa kwanza.