Mbegu Zangu za Ekinasia Hazioti

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nilinunua mbegu za ekinasia ya asili, ile ya waridi hafifu yenye petali zinazoning'inia. Nilizipanda Mei, nikazifukia vizuri na kutia samadi. Imeota miche miwili tu, na mpaka leo ni majani matupu. Nimekosea wapi? Naweza kwenda kuchimba zinazoota kando ya barabara?
Mama Neema, Des Moines, Iowa

JIBU: Marahaba mwanangu. Mbegu zako zilikosa baridi. Huu ni mmea wa mbuga za nyasi ndefu za huko huko Iowa: mbegu hudondoka vuli, hulala chini ya theluji, ndipo huota. Ukizitoa kwenye pakiti na kuzipanda Mei, nyingi hubaki zimelala.

Safari hii panda Novemba, kabla ardhi haijaganda. Chagua mahali panapopigwa jua kutwa, ondoa nyasi zote, kwaruza udongo kwa reki, tawanya mbegu, kisha zikanyage zishikane na udongo. Usizifukie kama mahindi. Novemba ikikupita, zichanganye na mchanga wenye unyevu, uziweke kwenye friji miezi miwili au mitatu.

Samadi ipelekee sukuma wiki. Ekinasia ikishiba mno hurefuka, ikalegea na kulala chini.

Hiyo miche miwili itunze sana! Sasa hivi inashusha mzizi mkuu. Maua utayaona mwaka wa pili au wa tatu, kwenye Juni. Pitisha kidole juu ya jani: ni refu, jembamba, lina mistari ya urefu na vinywele vinavyokwaruza. Likumbuke, usije ukaling'oa ukidhani ni gugu. Wala usiihamishe.

Kuchimba za porini, hapana, nakusihi. Mbuga hizo zilifunika sehemu kubwa ya Iowa, na leo haijabaki hata asilimia 0.1. Tena mzizi ule ni mrefu. Ukiukata, mmea unaweza kufa. Ukitaka kuziona kwa wingi, wapeleke watoto hifadhi ya Neal Smith, karibu na Prairie City, mwezi Juni. Tangu miaka ya 1990 wanarudisha mbuga palipokuwa mashamba.

Zikichanua, vichwa vikavu viache mpaka theluji iyeyuke. Chiriku wa manjano, ndege wa jimbo lenu, hula mbegu zake. Jirani akilalamika kwamba ni vichaka, fyeka ukanda mwembamba kuzunguka kitalu, aone kuwa panatunzwa.