Maswali ya wasomaji: Changu mara tatu kwenye pivoti

Shikamoo Fundi. Nanunua samaki mnadani Deep Sea, Tanga, na kila mzigo nauandika kwenye Excel. Mbona jedwali la pivoti, lile linalonijumlishia mizigo kwa kila aina ya samaki, linaniletea samaki changu mara tatu? – Chumbageni

Marahaba. Umemwandika kwa namna tatu. Herufi kubwa na ndogo si tatizo, pivoti haizibagui. Tafuta ulipoandika "changuu", na pale ulipogusa kitufe cha nafasi baada ya neno: jicho halioni, ila kwa kompyuta huyo ni samaki mwingine. Sahihisha kwa Ctrl+H (tafuta na ubadilishe), kisha bonyeza pivoti na Alt+F5 ijisasishe.

Nauza machungwa ya Muheza. Nataka jumla ya fedha kwa kila mteja, naletewa 43! – Muheza

Hiyo 43 ni idadi ya mistari. Bila shaka kwenye safu ya fedha kuna mahali umeandika "15,000/=" au "elfu kumi na tano". Pivoti ikikuta maandishi huacha kujumlisha, ikahesabu mistari. Wengi hubofya kulia wakachagua kujumlisha, namba kubwa ikatokea, wakaridhika. Hapo ndipo hasara ilipo: kila kiasi kilichoandikwa kama maandishi kinaachwa nje, na jumla inapungua kimyakimya. Mimi yalinikuta mbele ya bosi, na yaliyofuata sisimulii. Andika 15000 tupu. Alama ya shilingi iwekwe kwenye mpangilio wa seli (Format Cells).

Nikiongeza mauzo ya leo, pivoti haiyaoni. – Pangani

Kabla ya kutengeneza pivoti, simama ndani ya data ubonyeze Ctrl+T, data igeuke jedwali rasmi la Excel. Mistari mipya itaingia yenyewe. Wewe kazi yako ni Alt+F5. Ukitumia Google Sheets, hata hiyo huihitaji.

Mimi ni katibu wa kikoba chenye wanachama 28. Nimechora grafu ya duara ya madeni, hakuna anayeielewa. – Ngamiani

Mama, vipande 28 kwenye duara moja, nani atavielewa? Duara lina maana vipande vikiwa vitatu au vinne. Tumia grafu ya pau za kulala, deni kubwa juu, na namba zianzie sifuri, la sivyo deni dogo litaonekana kama halipo.

Ila kubandika majina ya wadaiwa ukutani siku ya mkutano, mimi nisingethubutu. Toa majina kwenye pivoti, weka miezi, chora grafu ya mstari ya marejesho. Majina yabaki kwenye daftari lako.