Shangazi wa Jikoni Anajibu: Sufuria ya Kunukisha Nyumba

Shikamoo Shangazi. Mdogo wangu anaishi Uingereza. Kila ikifika Oktoba, majani ya miti yakianza kupukutika, anabandika sufuria ya maji jikoni, anatia machungwa, vipande vya epo, mdalasini na karafuu, na nyumba inanukia mpaka mlangoni. Amenitumia video, nami nimetamani. Mume wangu ana pumu, moshi wa udi na ubani unambana kifua, kwa hiyo chetezo nimekifungia kabatini. Nakaa Chumbageni, samaki jikoni kwangu hawakosekani, na chumba cha wageni kina uvundo tangu masika. Nifanyeje nami nyumba yangu inukie? — Msomaji, Tanga

Marahaba mwanangu. Umeuliza jambo moja, lakini ndani yake yamo matatu: uvundo, samaki, na hamu ya nyumba kunukia. Sufuria ni dawa ya hilo la tatu tu, na kwenye uvundo inaweza hata kukuharibia.

Uingereza mwezi wa Oktoba baridi imeshaingia. Watu wamefunga madirisha, na mitambo ya kupasha nyumba joto hukausha hewa ya ndani, kwa hiyo mvuke wa sufuria kwao ni neema. Sisi Tanga tunalala na kuamka na unyevu wa bahari. Chumba chenye uvundo tangu masika bila shaka kimeota ukungu mahali fulani, na ukikiongezea mvuke, ukungu ndiyo unashiba. Chumba cha wageni usikipelekee sufuria kabisa. Sogeza kabati liachane na ukuta, utazame nyuma yake. Futa ukuta kwa siki, uuache ukauke. Godoro litoke juani, mapazia yafuliwe, na madirisha yabaki wazi mchana kutwa upepo upite. Ukungu nao huchokoza pumu, mwanangu, kwa hiyo hili si suala la urembo peke yake. Lifanye kwanza, kwa ajili ya mumeo.

Samaki ni jambo fupi. Matumbo na magamba yatoke nje mara tu umalizapo kuparua, yasisubiri jioni. Ubao, kisu na sinki visugue kwa limau au siki, kwa sababu ukali wake ndio unaoikata shombo yenyewe. Karafuu itaifunika shombo kwa saa moja, kisha itarudi.

Sasa tubandike sufuria. Epo usihangaike nayo. Harufu yake majini ni hafifu, na kwa bei yake heri watoto wale. Kinachonukia kwenye video ile ni ganda la chungwa na viungo, na hivyo sisi tumejaliwa kuliko mdogo wako. Machungwa ya Muheza yako hapo jirani. Iliki, mdalasini na pilipili manga hulimwa Amani, kwenye Usambara ya mashariki. Karafuu ziko hukohuko, na Pemba nayo iko ng'ambo tu ya maji. Usione machungwa yetu ni ya kijani ukadhani hayafai. Rangi ile ya video huja usiku ukiwa na baridi, na huku kwetu chungwa huiva likabaki kijani. Mafuta yake ya kunukia yamo palepale kwenye ganda la juu. Likunje ganda bichi karibu na mwali wa mshumaa, utaona mafuta yanavyoruka yakiwaka cheche.

Chukua maji lita moja na nusu. Tia maganda ya machungwa mawili, gome la mdalasini la urefu wa kidole, karafuu kumi, na iliki nne ulizozipasua kwa kinu ili mbegu zitoke. Majani matatu ya mchaichai yafunge fundo, nayo uyatie. Viungo viwe vizima. Vya unga huzama, hugandia chini na kuungua, na harufu ya mdalasini ulioungua haitoki upesi. Karafuu unapozinunua, bonyeza moja kwa ukucha: ikitoa mafuta, nunua, ikiwa kavu kama kijiti, mwachie muuzaji.

Maji yakishachemka, punguza moto mpaka uone viputo vidogo pembeni tu. Hapa wengi hukosea, wanaacha yatokote kwa nguvu, na kwa muda mfupi maji yamekauka na harufu yote imetoka kwa mkupuo mmoja. Usifunike. Kila baada ya dakika ishirini hivi chungulia, uongeze maji ya moto. Saa moja inatosha nyumba ya kawaida. Ukitoka, hata kwa jirani, zima jiko. Mpini wa sufuria uelekee ndani, watoto wasiufikie.

Asumini na kilua usivitie humo, maji ya moto yanaviua. Hayo ni maua ya kikuba na ya kuweka kwenye mto wa kulalia. Ukipenda waridi, mwagia marashi kidogo baada ya kuzima moto.

Kuhusu mumeo: mvuke si moshi, lakini harufu kali yoyote yaweza kumbana mwenye pumu. Siku ya kwanza tia nusu ya viungo, dirisha likiwa wazi, naye awe nyumbani ili umwone. Akikohoa, ondoa sufuria na usijaribu tena. Wakati mzuri ni kipupwe, asubuhi zile za Juni na Julai hewa inapokuwa nyepesi kidogo. Masika, acha.

Shangazi, mimi sina gesi, napikia mkaa. Nikiingiza jiko sebuleni si itanukia vizuri zaidi? — Msomaji, Muheza

Hapana, nakuomba usifanye hivyo. Mkaa unaowaka hutoa hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu, na ndani ya chumba kilichofungwa inaua watu wakiwa usingizini. Chemshia uani juu ya mkaa uliobaki baada ya kupika, funika sufuria, uilete ndani peke yake, uiweke juu ya kigae kisha ufunue. Itanukia mpaka ipoe. Ikipoa, irudishe uani uipashe.

Maji yakibaki naweza kuyatumia kesho, au kuyanywa kama chai? — Msomaji, Pangani

Kesho ndiyo, ukiyaweka kwenye friji na kuongeza ganda jipya. Yakianza kuchachuka, mwaga. Kunywa, usinywe: maganda yamechemka muda mrefu, na huenda yana dawa za shambani. Chai pika nyingine.