Nusu kijiko kwa mdogo? Swali la dawa ya safari kutoka Muyeye

SWALI

Assalam alaikum dada mfamasia. Nina watoto wawili. Wa kwanza ana miaka minne, kilo 16. Wa pili ana miezi tisa, kilo 8 na nusu. Mwezi wa nane inshallah tunakwenda Nairobi, South C, kwenye harusi ya mdogo wangu, kwa gari dogo la mume wangu. Tutakatia Kaloleni tutokee Mariakani ili tusiingie Mombasa. Huyu mkubwa roho humchafuka hata tukienda Kilifi tu, na mara mbili amenitapikia gari zima. Jirani amenipa chupa ya promethazini, dawa ya kuzuia kutapika, iliyobaki ya mwanawe. Aniambia niwape wote kijiko kimoja kimoja alfajiri, niwalaze siti ya nyuma, watazindukana tumeshafika. Nataka kujua: kijiko kimoja ni sawa kwa wote, au huyu mdogo nimpe nusu?

Mama wa wawili, Muyeye, Malindi

JIBU

Waalaikumu salaam, Mama wa wawili. Umefanya jambo jema kuuliza mapema.

Mdogo usimpe. Usimpe nusu, usimpe robo, usimlambishe hata ncha ya kijiko. Hilo nimelitanguliza ili hata mtoto akilia sasa hivi ukaiweka simu chini, uwe umeshalipata.

Promethazini ikiingia mwilini hufika mpaka kwenye ubongo. Huko hutuliza sehemu inayoleta kutapika, na papo hapo huleta usingizi. Kwa mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili, inaweza kuituliza pia sehemu inayoamrisha pumzi. Mtoto anaonekana kalala vizuri, kumbe pumzi zinapungua moja baada ya nyingine. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru dawa hii iwekewe onyo zito kabisa kwamba isitumiwe kwa watoto wa chini ya miaka miwili, kwa sababu wapo waliofariki kwa kukatika pumzi. Vipimo walivyopewa watoto waliopatwa na shida hiyo vilitofautiana sana. Ndiyo maana sina "nusu" ya kukupa. Hakuna kiasi ambacho naweza kukuambia kwamba hiki ni kidogo, hakimdhuru.

Tena huyo mdogo huenda hata haihitaji. Kichefuchefu cha safari hutokana na ubishi baina ya macho na sikio la ndani. Ndani kabisa ya sikio mna vijia vyenye maji, vinavyouambia ubongo kwamba mwili unakwenda, unapinda, unaruka tuta. Macho nayo, yakiwa yametazama mgongo wa siti, yanasema tumekaa tuli. Ubongo hauelewi umsikilize nani, roho inachafuka. Watoto wa chini ya miaka miwili ni nadra kupatwa na hali hii. Huanza kushika wakiwa wakubwa kidogo, na umri wa mwanao wa kwanza ndimo umo. Kwa hiyo huyo wa miezi tisa akitapika njiani, usidhani ni gari. Mshike paji la uso, angalia kama anaharisha, jiulize amenyonya kiasi gani.

Sasa tuje kwa mkubwa. Yeye huenda akapewa, mfamasia akiridhia, lakini si kwa kijiko na si kutoka kwenye chupa hiyo.

Siku moja nilichukua vijiko vya chai vya jikoni kwangu nikavipima kwa sirinji. Kimoja kilibeba mililita 3, kingine kilikaribia 7, na vyote viwili mama yeyote angeviita kijiko kimoja. Kwa mtoto wa kilo 16 hiyo si tofauti ya kupuuza. Sirinji ya kunyweshea dawa, ile isiyo na sindano, haina gharama kubwa, na duka la dawa linalojali litakuonyesha mstari wa kufikia.

Chupa ya jirani nayo ina maswali yake. Ilifunguliwa lini? Ni promethazini peke yake, au ni dawa ya kikohozi ambayo promethazini ni kimojawapo tu cha vilivyomo? Huku kwetu zipo za namna hiyo, nyingine zimechanganywa na parasetamoli, na yale maandishi ni madogo mno. Miaka ya nyuma mama mmoja aliingia dukani kwangu usiku na mwanawe wa mwaka mmoja begani. Kichwa cha mtoto kilikuwa kinaning'inia kama cha mwanasesere, na nilipomfinya kidole cha mguu alikunja uso tu, hakulia. Alikuwa amempa dawa ya mafua na dawa ya kikohozi, chupa mbili za majina mawili, hakujua kwamba zote mbili zilikuwa na dawa ya usingizi. Tulikimbia naye hospitali, na alhamdulillahi aliamka alfajiri. Tangu hapo sikubali kumtajia mtu kipimo cha chupa ambayo lebo yake sijaiona kwa macho yangu.

Kipimo kilichozoeleka cha promethazini iliyo peke yake kwa kichefuchefu cha safari, kwa mtoto wa miaka 2 hadi 4, ni miligramu 5 usiku wa kuamkia safari, na asubuhi hurudiwa ikiwa pana haja. Kwa dawa ya maji yenye miligramu 5 katika kila mililita 5, hiyo ni mililita 5 za sirinji. Mweleze mfamasia wako mapema kama mtoto ana pumu, kama amewahi kupata degedege, na kama anakunywa dawa nyingine yoyote. Piriton, ambayo nyumba nyingi wanayo, ni ya ukoo huohuo. Ukimpa na hiyo utakuwa umemzidishia. Halafu mjaribishe nyumbani siku chache kabla ya safari, mchana, ukiwa unamwangalia. Wapo watoto ambao dawa hii badala ya kuwalaza huwachangamsha, wanaparamia kila kitu, na hilo hungependa kuligundua mkiwa Mackinnon Road.

Ila nakuomba dada yangu, nia iwe kumzuia asitapike. Simpi mzazi dawa ili mtoto mzima wa afya alale tu safari iwe kimya, na sababu yangu nyingine, mbali na pumzi, imo kwenye maneno yako mwenyewe: "niwalaze siti ya nyuma."

Mtoto aliyelala chali kwenye siti ya nyuma hana mkanda. Fanya hesabu hii na baba yao. Gari liko kilomita 50 kwa saa, mwendo wa kupita sokoni, likagonga kitu na kusimama ndani ya nusu mita. Kila kilichomo huvutwa mbele kwa nguvu ya kama mara 20 ya uzito wake. Mdogo wako wa kilo 8 na nusu anakuwa wa kilo 170, karibu magunia mawili ya mahindi ya kilo 90. Mkubwa anakuwa wa kilo 320. Hakuna mkono wa mama, hata uwe na nguvu na mapenzi namna gani, unaoweza kuzuia magunia mawili. Na ukimfunga ndani ya mkanda wako mwenyewe, uzito wako wewe ndio utakaombana.

Kwa hiyo, kabla ya dawa, pesa ya kwanza iende kwenye viti vya watoto. Vya mitumba vipo na vinafaa, mradi uvikague: kigeuze usome tarehe ya mwisho iliyochapwa chini yake, vuta mikanda uone haijachanika, uliza kama kilikuwa kwenye ajali, na ukipewa jibu la kubabaisha kiache. Cha mdogo kitazame nyuma, na kisiwekwe siti ya mbele yenye mfuko wa hewa, maana ukifutuka utampiga kichwani.

Cha mkubwa kitamfunga, na pia kitamtibu. Mtoto wa miaka minne akikaa chini kwenye siti ya kawaida haoni barabara. Anachoona ni mgongo wa siti ya baba, na pembeni miti inayomkimbilia. Ukimweka kwenye kiti kilichomnyanyua, katikati ya siti ya nyuma kama mikanda inaruhusu kukifunga vizuri hapo, anatazama mbele kupitia kioo, anaiona kona kabla gari halijapinda. Macho na sikio vinapatana. Nimewaona watoto walioacha kabisa kutapika kwa hilo tu, bila tone la dawa. Jaribuni kwanza safari ya Kilifi na kurudi akiwa kwenye kiti chake. Akifika salama, huenda kwa Nairobi pia usihitaji kitu. Ila kutoka Mavueni kupanda Kaloleni mpaka Mariakani barabara ina vilima na kona kuliko ile mliyoizoea, kwa hiyo kama Kilifi bado anatapika, mpe dawa usiku ule wa kuamkia safari, mfamasia akiwa ameridhia.

Simu na tableti zikae mkobani, angalau mpaka mfike barabara kuu. Kutazama katuni kwenye kona ndiko kunakoleta matapishi. Mpe kazi ya macho ya mbali: ahesabu mibuyu, ahesabu makontena ya malori, na mkiingia Tsavo mpe baba yake kazi ya kuendesha na yeye kazi ya kutafuta ndovu.

Asubuhi hiyo mahamri na mbaazi za nazi ziwasubiri wenye kubaki. Najua si rahisi kumwambia mtoto wa Malindi asile mahamri, lakini mafuta na nazi tumboni, kisha kona, nimeshakueleza mwisho wake. Mpe boflo kavu au ndizi, maji kwa funda ndogo ndogo, asikae na tumbo tupu wala tumbo lililojaa. Tangawizi haina ubaya, ila usiitegemee peke yake. Na kwa kuwa mnakwenda harusini, nguo zilizofukizwa udi zifungwe kwenye mfuko ziingie buti. Harufu kali ndani ya gari lililofungwa vioo humwangusha hata mtu mzima.

Simameni kila baada ya saa mbili hivi, kwa ajili ya mdogo hasa. Mtoto mchanga akikaa muda mrefu kwenye kiti kile, kidevu hushuka kifuani na njia ya pumzi hubanwa; mtoe, mnyooshe, mnyonyeshe gari likiwa limesimama. Kutoka kwenu hadi Mariakani ni kituo cha kwanza, kisha Voi, kisha Mtito Andei. Makindu pana hekalu la Masingasinga ambalo kwa miaka mingi limewakaribisha wasafiri wa kila dini, pana kivuli, na chakula hutolewa bure. Hapo mpumzike kwelikweli, na baba yao alale hata nusu saa. Mkisimama, watoto wote washuke, hata waliolala. Gari lililozimwa juani linaweza kupanda digrii 10 na zaidi ndani ya dakika 20, na mwili wa mtoto huchemka upesi kuliko wetu.

Kama kiti cha mdogo hakipatikani, panda na watoto treni ya SGR kutoka Miritini, baba aje na gari na mizigo. Sehemu kubwa ya safari mtakuwa mmeiondoa barabarani.

Beba pakiti za maji ya chumvi na sukari, yaani ORS, na usome pakiti kabla ya kuchanganya, kwa sababu ipo ya nusu lita na ipo ya lita moja. Ukikosea, chumvi inazidi. Mkubwa akitapika, subiri dakika 10, kisha mpe funda moja moja. Gari likishasimama, kichefuchefu cha safari huisha chenyewe. Kikiendelea baada ya kufika, au mtoto akilegea, au akiwa na homa, hapo si safari tena. Mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo na umwambie daktari, hata kabla hajauliza, kwamba mmetoka Malindi. Nairobi homa ya mtoto huanza kudhaniwa mafua, na wewe unatoka pwani yenye malaria. Omba apimwe damu.

Na mkifika jioni mtakuta baridi. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa nane si wa vijora. Sweta na soksi zikae juu ya mkoba, si chini, mzitoe mkiwa Sultan Hamud. Ikiwa mmoja wao ana selimundu, yaani sickle cell, niambie kabla hamjaondoka, kwa sababu baridi na ukosefu wa maji mwilini vinaweza kumletea maumivu makali, na maandalizi yake ni mengine.

Wiki moja kabla ya safari pita dukani na watoto wote wawili niwapime uzito upya. Uje na ile chupa ya jirani pia. Tutaisoma lebo pamoja, na ikiwa imepitwa na wakati nitaitupa mimi. Sirinji nitakupa.