Ninunue mashine ya kusafisha hewa au niweke feni ya kutoa hewa?

SWALI: Habari fundi. Nipo Makorora, Tanga. Chumba chetu ni futi 10 kwa 12, tulifunga AC mwaka jana, na madirisha ya aluminiamu hatufungui kwa ajili ya vumbi na mbu. Mtoto wa miaka 4 anakohoa usiku, na sie wakubwa tunaamka vichwa vizito. Dukani wamenishauri ninunue mashine ya ozoni, wanasema inatengeneza oksijeni, na kweli ukiiwasha unasikia harufu kama mvua imetoka kunyesha. Mume wangu anasema bora hiyo hela tuweke feni ya kutoa hewa. Nani yuko sahihi?

JIBU: Mumeo yuko sahihi dada, na hiyo mashine tafadhali usiinunue. Mtoto mpeleke hospitali wakamsikilize kifua, hilo sio la fundi.

Sasa hii habari ya ozoni inanichosha kweli, kila wiki naulizwa. Ozoni sio oksijeni tunayovuta. Oksijeni ya kuvuta ina atomu 2, ozoni ina 3, na hiyo ya tatu haitulii, inarukia chochote inachokikuta ikiwemo njia ya hewa ya mwanao. Ile harufu ya mvua aliyokunusisha muuzaji ndo ozoni yenyewe, yaani amekunusisha sumu akakwambia ni usafi! Kule California tangu 2010 mashine ya kusafisha hewa ya ndani hairuhusiwi kuuzwa ikitoa ozoni zaidi ya sehemu 0.050 kwa milioni. Na kiwango kidogo hivyo hakiui ukungu wala hakiondoi vumbi, ukitaka kiue lazima upandishe mpaka pasikae mtu chumbani, sasa kwa mtoto mwenye kifua unaiwasha ya nini?

Mashine ya maana ni ile yenye feni na chujio la HEPA, yaani chujio la nyuzi laini sana zinazonasa chembe ndogo za hewani, basi. Chujio la kweli linanasa asilimia 99.97 ya chembe za maikromita 0.3, ndogo hata jicho halizioni, kwa hiyo vumbi, moshi wa taka anazochoma jirani, moshi wa udi na wa dawa ya mbu ya kuchoma, vyote linapunguza. Chumba chako kina kama mita za ujazo 30, ukitaka hewa ipite kwenye chujio mara 5 kwa saa tafuta yenye uwezo wa mita za ujazo 150 kwa saa, iwe imeandikwa kwenye boksi, kama haijaandikwa achana nayo. Ila HEPA inashika chembe tu. Unyevu haiushiki, gesi haiishiki, na hewa mpya haileti.

Na hapo ndo kwenye vichwa vizito vyenu. Watu wengi wanaamini AC inavuta hewa nje inaiingiza ndani. Haivuti jamani! Kile chombo cha nje kazi yake kutupa joto tu, hewa ya chumbani ni ileile inazungushwa usiku kucha. Nje kaboni dayoksaidi ni kama sehemu 420 kwa milioni, chumba kimefungwa watu watatu mmelala inaweza kupita 2,000 kabla ya alfajiri. Hiyo dawa yake ni hewa kuingia na kutoka, hakuna mashine ya dukani itakayokutolea. Fungua dirisha na mlango robo saa asubuhi na robo saa kabla ya kulala, neti ibaki. Na hiyo neti ioshe, nyingi ninazozitoa huku mjini zimeziba vumbi na chumvi ya bahari mpaka ukiweka kipande cha tishu mbele yake hakitikisiki na nje upepo unavuma.

Feni ya kutoa hewa nayo ina masharti. Ikitoa, lazima hewa iingie kutoka mahali. Kuna nyumba niliitwa Ngamiani, feni wamefunga chumbani, madirisha wamefunga yote, na jiko la mkaa liko koridoni. Nikaweka mkono chini ya mlango, hewa inaingia ya moto kabisa, yaani feni ilikuwa inauvuta moshi wa jiko moja kwa moja mpaka kitandani kwa watoto. Tukaihamishia jikoni, chumbani tukaacha upenyo wa dirisha upande wa upepo, ikaisha.

Na mkaa ndo unaonitia hofu kuliko vyote. Mkaa ukishakolea hautoi moshi, mtu anadhani uko salama, kumbe unatoa kaboni monoksaidi, haina harufu haina rangi, unasinzia huamki. Ndugu zetu wa Lushoto mwezi wa 6 na wa 7 baridi ikikaza wanaingiza jiko chumbani wanafunga mlango, na huku mjini masika tunafanya hivyohivyo mvua ikizuia kupika nje. HEPA haizuii hiyo gesi, AC haizuii, na sitaki kusikia mtu anasema ameweka ndoo ya maji pembeni au ameacha tundu la ufunguo wazi. Jiko linalowaka halilali na watu chumba kimoja, hata liwe limebaki makaa mawili.

Kwa hiyo dada, kabla ya kununua chochote niandikie jiko lenu mnaliweka wapi siku za mvua, na huo mlango wa chumbani chini una nafasi kiasi gani. Hapo ndo nitakwambia feni ikae ukuta upi.