Barua za zamani za herufi za Kiarabu: nyoosha ukurasa, nukta usiziguse

Mkuu, umeuliza ufanyeje barua za babu yako zilizojalidiwa pamoja: ukizipiga picha mistari inapinda karibu na mshono, na programu ya simu haijasaidia. Kazi hii nimeifanya sana kwa maandishi ya Kiswahili ya herufi za Kiarabu, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu.

Programu nyingi za simu hutafuta pembe nne za karatasi na kuzivuta ziwe mstatili. Hapo umeondoa mshazari wa kamera tu, mbinuko wa mshononi umebaki palepale. Tumia ScanTailor Advanced kwenye kompyuta, ni ya bure. Katika hatua yake ya mwisho kuna sehemu ya kunyoosha mbinuko. Chagua kuinyoosha kwa mkono. Ukiiachia ijiendeshe, itafuata mistari ya maandishi, na barua za zamani mara nyingi zina maneno yaliyopandishwa juu mwishoni mwa mstari. Programu itadhani karatasi imepinda, itayashusha, na utapata herufi zilizovutwa vibaya. Ukichagua kwa mkono, wavu wa mistari hutokea juu ya picha: wewe laza mstari wake wa juu kwenye ukingo wa juu wa karatasi, na wa chini kwenye ukingo wa chini. Kinachonyooshwa ni karatasi, mwandiko uache ulivyo.

Sasa la muhimu kuliko yote: zima kabisa kile kipengele cha kufuta madoa madogo. Kwa maandishi ya Kilatini huenda ukapoteza nukta ya i na mtu bado akasoma. Kwetu nukta ndiyo herufi. Be ina nukta moja chini, te mbili juu, the tatu juu. Ain ukiipa nukta ni ghain. Fatha na kasra nazo ni vistari vidogo tu, na bila irabu hizo Kiswahili hakisomeki, maana hapo kale be ileile iliandikiwa b, p na hata mb. Nimeona kurasa nyeupe safi, za kupendeza macho, ambazo hakuna mzee aliyeweza kuzisoma. Inauma.

Kwa hiyo toa nakala ya rangi au ya kijivu, usigeuze kuwa nyeusi na nyeupe tupu. Doa la kutu au tundu la mchwa libaki. Msomaji mwenye uzoefu atalitofautisha na nukta akiiona rangi yake. Picha ya awali ihifadhi kama TIFF, aina ya faili inayotunza ubora wa picha, usiiguse tena.

Kurasa zilizokunjamana ovyo ScanTailor haiziwezi, kwa kuwa inafahamu mbinuko wa upande mmoja tu. Hizo zilaze chini ya kioo safi bila kukandamiza, mwanga utoke ubavuni, uzipige upya. Usizinyunyizie maji wala kuzipiga pasi, wino utachuruzika. Ukikwama kwenye wavu, weka hapa picha ya ukurasa mmoja nikuelekeze.